Henza Iliyopotelea Mlingotini

Saa 12 asubuhi. Hori ya Kilifi imetulia kama maji ya mtungini. Kazi ya mlingoti naipenda saa hizi, upepo wa kusi haujaamka. Boti ni ya matanga mawili, futi 26. Henza ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulitwekea, imechunika pale inapopita kwenye kapi ya juu, leo naibadilisha.

Saa 1. Kijana wangu, Mlamu mwenzangu, ananiuliza, "Ami, mbona kamba zenyewe hazionekani?" Ana haki. Kwenye mashua henza unaiona tangu kichwa cha mlingoti mpaka jarari, kamba ya kapi inayoivuta, na hiyo hiyo ndiyo inayoushika mlingoti. Ukipindua tanga upande wa pili, nayo unaihamishia upande wa upepo. Hapa mlingoti umeshikwa na nyaya za chuma zisizohama: mbele, nyuma na ubavuni. Henza zinapita ndani ya mlingoti, maana wenyewe ni wa aluminiamu, wazi ndani kama bomba, zinatokea tunduni chini, kisha kapi za sitahani zinazipeleka nyuma kwa nahodha, atweke peke yake. Tanga kubwa lina demani moja, kamba ya kulivuta na kulilegeza kwa upepo. La mbele lina mbili. Moja ikivuta, nyingine imelegea inangoja zamu. Na zote mwenye boti kanunua nyeupe! Gizani utajua ipi ni ipi?

Saa 3. Nimeshonea kamba mpya kwenye mkia wa ile kuukuu, kijana anavuta. Kwenye kapi ya juu ikakwama. "Taratibu!" Nikasikia shwaaa ndani ya mlingoti. Kuukuu imo mkononi mwake, mpya imerudi chini. Mshono ulikuwa wangu: sindano mara tatu tu. Uvivu.

Saa 5. Nimekaa kwenye kiti cha ubao, kijana ananipandisha kwa winchi na henza ya tanga la mbele. Kusi imeamka, boti ikiinama kidogo chini, huku juu nabembea kama embe. Mfukoni nina mshipi wa kuvulia na chubwi, kile kizito cha kuuzamisha. Nautumbukiza kupitia kapi: tok, tok, tok. Chini kijana anachokora tunduni kwa waya aliokunja kama ndoana.

"Nimempata, ami!" Utadhani kavua changu.

Saa 8. Wali umeliwa. Safari hii kamba mpya nimeishonea kwenye mshipi sindano mara kumi, na henza imepita.

Saa 10. Tumetweka, tanga limenyooka mpaka juu. Ile kuukuu kijana ameiomba, kakata kipande kilichochunika. Iliyobaki atafungia mtumbwi wa babake.