Nilivyomfanya mkuu wa genge achekeshe bila kumsafisha

Mhusika mkuu wa filamu fupi tuliyoipiga Arusha ni jambazi. Hakuponzwa na umaskini, wala halipizi kisasi cha babake. Ni mzee mwenye heshima zake anayeongoza genge la wavunja nyumba, anajua anachofanya, na kesho atafanya tena. Na filamu ni ya kuchekesha. Nilipoanza kuwasimulia watu, karibu wote waliniuliza swali lilelile: utamchekesha vipi mtu ambaye juzi tu ameamka akakuta dirisha limeng'olewa na televisheni haipo? Nililichukulia swali hilo kwa uzito, maana na mimi nimeshaamka hivyo.

Nilianza kwa kutafuta nani amewahi kuliweza jambo hili. Uingereza ipo filamu ya mwaka 1955, The Ladykillers, iliyoongozwa na Alexander Mackendrick. Alec Guinness anacheza Profesa Marcus, mkuu wa genge anayepanga chumba kwa bibi kizee karibu na stesheni ya King's Cross, London. Wenzake wanajifanya wanamuziki wanaofanya mazoezi. Santuri inapiga humo chumbani, wao wanapanga wizi. Baadaye wanaamua bibi lazima auawe, na hakuna anayeweza kumuua. Wanamalizana wao kwa wao. Niliiangalia kwa daftari mkononi, nikaona kwamba Guinness hafanyi kichekesho hata kimoja. Profesa wake anaamini mpango wake ni kazi ya akili kubwa, na kinachotuchekesha ni ule uzito wake. Hapo nilipata njia. Mkuu wangu wa genge asijue kwamba anachekesha, na asiruhusiwe hata mara moja kutukonyeza sisi watazamaji.

Sasa uzito wake utoke wapi? Profesa hafai kwetu. Mtaani kwangu uzito upo kwenye kikoba, kikundi cha watu wanaoweka akiba na kukopeshana. Aliyewahi kukaa kwenye VICOBA anajua: kuna katiba, kuna hisa, kuna mfuko wa jamii, kuna faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni, na kuna kasha lenye kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Nikampa jambazi wangu vyote hivyo. Genge lake linakutana kila Alhamisi, linafungua kwa sala, linasoma mahudhurio. Yeye ni Mwenyekiti, na vijana wake wanaitana wajumbe.

Onyesho la kwanza la kikao ndilo nililoliandika kwa muda mrefu kuliko yote. Usiku uliotangulia wameiba friji kwa mama mmoja mjane anayeuza juisi na maziwa ya mgando. Mjumbe aliyeibeba anangoja kupongezwa. Mwenyekiti anavaa miwani, anaizunguka friji taratibu, anauliza: "Stebilaiza iko wapi?" Kijana anasema ameiacha ukutani. "Mjumbe, umemletea mteja wetu friji bila stebilaiza, na umeme wa hapa unaujua. Ikiungua, jina la nani litachafuka?" Anatozwa faini. Mweka hazina anaandika, na kijana anajitetea kwa kunukuu kifungu cha katiba. Hakuna mzaha wowote hapo kwa wahusika. Wanabishana kama watu wazima wanavyobishana kwenye kikao chochote. Tulipofanya mazoezi waigizaji walicheka mpaka tukashindwa kuendelea, nikawaomba wacheke wamalize, kisha tuanze upya. Yeyote ambaye angetabasamu mbele ya kamera angeharibu kila kitu.

Lakini kikao kile peke yake kingekuwa tusi kwa yule mjane. Ndiyo maana mara tu baada ya kicheko cha faini, filamu inarudi nyumbani kwake. Hakuna muziki. Friji ilipokuwa imekaa pamebaki mraba safi sakafuni, vumbi limeuzunguka, na katikati kuna kijiko kilichoangukia nyuma ya friji zamani. Mama anainama, anakiokota, anakifuta kwa kanga, anakirudisha kwenye kikombe na vijiko vingine. Kisha anahesabu vikombe vya mgando vilivyoanza kuchachuka kupita kiasi. Mhariri wangu alitaka tuikate sehemu hiyo kwa sababu inapoza filamu. Nilikataa, na bado nakataa. Mtazamaji akishacheka kwenye kikao, ana haki ya kuonyeshwa bei ya kile alichokichekea.

Jirani wanapochanga kumsaidia mama, Mwenyekiti anakuja wa kwanza. "Shikamoo" zinamfuata uani kote, naye anaitika "marahaba" kwa upole, anatoa noti kutoka kwenye pesa ileile ya friji, anaomba risiti. Risiti ni ya kumbukumbu za kikundi. Kwangu huo ndio uovu wake wote, na mwigizaji aliuelewa bila mimi kueleza sana. Ni mzee aliyekuwa mwalimu wa kwaya, hajawahi kuigiza filamu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimkwepa kila aliyekuja kwenye usaili na sauti nzito na kovu la kuchora.

Upande wa kazi yenyewe nitasema machache, ila haya yatamfaa anayetaka kujaribu. Filamu hapa nchini zinaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na kibali huombwa Bodi ya Filamu kabla ya kushika kamera. Zaidi ya hapo, ukipiga maonyesho ya wizi usiku, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda polisi, na pita nyumba kwa nyumba. Tulikuwa Ngarenaro, vijana wangu wanaruka ukuta na nondo mikononi. Mtu mmoja asiye na habari akipiga kelele za mwizi, dakika chache tu unaweza kuzika mwigizaji. Kwa hiyo niliweka sharti: neno "mwizi" lisitamkwe kabisa nje. Kelele zote za filamu tulizirekodi mchana, ndani, madirisha yamefungwa. Chalii mmoja wa bodaboda alikaa mwanzo wa uchochoro usiku kucha akiwaeleza wapita njia kuwa ni filamu, na jina lake liko juu kabisa kwenye orodha ya mwisho.

Mwisho wa Mwenyekiti ulinisumbua kuliko kibali. Hollywood, tangu kanuni zao za maadili zilipoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, kwa miaka mingi haikuruhusiwa kuonyesha uhalifu unalipa, na waandishi wengi wakazoea kumpiga jambazi risasi dakika za mwisho ili mambo yaishe. Sikutaka risasi. Sikutaka pia wananchi wenye hasira kali; hilo tunaliona vya kutosha, na halina kichekesho. Nilitaka aangushwe na kilekile kinachomfanya ajione mtu safi.

Basi Desemba inafika, wajumbe wanangoja kuvunja kikoba wagawane, na kasha linaibwa. Mwenyekiti anakasirika kweli. Anavaa koti, anabeba daftari, anakwenda kituo cha polisi kushtaki. Askari wa zamu anamuuliza thamani ya kilichoibwa, naye, kwa kuwa ni mtu wa kumbukumbu, anafungua daftari na kumsomea: friji, tarehe, nyumba, aliyebeba, faini ya stebilaiza. Askari anaandika. Anamwomba asome polepole. Mwenyekiti anafurahi kwamba hatimaye amempata mtu anayethamini kumbukumbu, akageuza ukurasa.

Tuliionyesha uani kwa jirani mmoja, shuka limetundikwa ukutani, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walicheka kwenye faini kama nilivyotarajia. Kwenye kijiko walinyamaza, na hapo ndipo nilipojua imefanikiwa, maana hakuna aliyeanza kupiga soga wala kushika simu. Mama mmoja aliyewahi kuibiwa cherehani alinifuata baadaye akataka kujua kama ile friji ya mjane iliyoandikwa kwenye daftari la Mwenyekiti ilirudishwa. Nikamwambia filamu inaishia pale kituoni. Hakuridhika. Alisema askari akishaandika yote yale, kuna mtu lazima aende na gari kuifuata ile friji, na kama mimi sitaliandika onyesho hilo basi sijamaliza kazi. Tumekubaliana na mhariri tulipige mwezi ujao, na yeye mama ndiye atakayefungua mlango.