Siku moja na mwalimu wa TP

Saa kumi na moja alfajiri. Maji hakuna, mtungi wa jana unanitosha. Natoka Kayole kabla ya saa kumi na mbili, maana ukichelewa kidogo tu jamu ya Donholm inakumeza. Ndani ya matatu nasoma andalio la somo ambalo mwanagenzi wangu, aliye shuleni kwetu kwa TP, yaani mazoezi ya kufundisha, alinitumia saa sita usiku. Leo mkufunzi wake wa chuoni anakuja kumkagua.

Saa moja na nusu. Namkuta kashafika, faili kifuani: azimio la kazi, maandalio, rekodi ya kazi.

"Mwalimu, nikikwama je?"

"Waulize watoto, mwanangu."

Mbele ya wanafunzi humwita Mwalimu. Tukiwa wawili ni mwanangu, umri wake ni wa kifungua mimba wangu.

Mimi nilisomea P1, cheti cha ualimu wa shule ya msingi, miaka 2, na shule ya mazoezi ilikuwa ng'ambo ya ua wa chuo. Walimu wa pale na wakufunzi wetu walikunywa chai pamoja. Ukiharibu somo, habari ilifika chuoni kabla yako. Huyu wangu ni wa diploma, ile iliyoanza 2021, na aliletwa na barua. Barua ilikwenda kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaniambia "utamlea huyu", basi. Tangu nianze kulea wanagenzi, hakuna chuo kilichowahi kuniuliza nimeona nini.

Saa tatu. Kiswahili, gredi ya nne, ngeli ya KI-VI, dakika 35. Mkufunzi kakaa nyuma na fomu yake. Kitabu, vitabu, kiti, viti, mambo yanakwenda. Kisha mvulana wa dawati la mwisho: "Mwalimu, kiboko pia ni KI-VI?"

Kwenye andalio hakuna kiboko. Niliuona mkono wa mwanagenzi ukielekea faili, ukaacha.

"Kiboko gani?"

"Ya kuchapa!" "Yule wa maji!" Darasa likalipuka. Akaandika ubaoni: Viboko vimevunjika. Viboko wanaogelea. Akawauliza tofauti inatoka wapi. Msichana mmoja akasimama: "Juu huyo wa maji ako na uhai." (Cha kuchapa kilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini ngeli yake watoto wanaijua vizuri sana.)

Kengele ikalia kabla ya zoezi la daftarini.

Chai ya saa nne sikuinywa. Mkufunzi alikuwa akimwambia mwanagenzi hatua ya mwisho ya andalio haikufikiwa, kwa hivyo alama zimepungua. Siku nyingine ningepita zangu. Leo niliomba dakika 10. Nikamwambia wiki ya kwanza binti huyu alisoma andalio kama anayesoma matangazo ya vifo redioni, macho hayainuki. Leo ameliacha akafuata swali la mtoto. Fomu yako hilo inaliandika wapi?

Alinisikiliza. Akasema ana wanagenzi 14, kutoka Ruiru hadi Rongai, na kila mmoja humwona somo moja kisha anakimbilia gari. Nikamtolea daftari langu, maana kila somo lake huandika mistari miwili mitatu. Akapiga picha kurasa nne. Alama hakuzigusa, ila aliomba namba yangu.

Saa saba. Chakula cha Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa kulisha wanafunzi, shilingi 5, watoto wanagusisha bangili zao za kulipia na kupita. Mwanagenzi ana zamu ya foleni. Mwezi uliopita hakumwona yule mtoto anayejifunga kamba za viatu mpaka foleni iishe kwa sababu bangili yake haina pesa. Leo amemwona kabla yangu.

Saa tisa na nusu, kusahihisha madaftari. Hapo sina la kusimulia.

Saa mbili usiku. Andalio la kesho limeingia mapema. Mfano wa kwanza: kifaru.