Spika nilinunua dukani, amplifaya nikaagiza mtandaoni

Nilipotaka muziki wa kueleweka sebuleni, kilichonisumbua zaidi ni mahali pa kununua. Mtandaoni bei zilikuwa nafuu na vifaa tele. Dukani vilikuwa vichache na ghali kidogo. Nikaamua hivi: kinachotaka sikio nitakinunua dukani, kinachojieleza kwa namba nitaagiza.

Spika zinataka sikio. Maelezo kwenye boksi yatakuambia inaanzia hezi 50, yaani besi nzito, hadi 20,000, sauti nyembamba kabisa, lakini hayakuambii kama sauti ya mwimbaji itatoka safi au kama anaimba ndani ya debe. Nilikwenda na nyimbo zangu kwenye simu, zile ninazojua hadi mwimbaji anapovuta pumzi, kwa sababu muuzaji hupiga wimbo unaozibeba spika zake. Nikamwomba azime sabufa na arudishe besi na trebo katikati.

Halafu likaja lile lililonifaa kuliko yote: kila tulipobadilisha spika, tulisawazisha sauti kwanza. Spika inayolia juu kidogo tu, sikio huiona ndiyo bora, hata kama si kweli. Na spika hazilii sawa kwa umeme uleule: yenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90 kwa wati moja hulia sawa na yenye desibeli 87 iliyopewa wati mbili. "Kaka, chukua hii kubwa, ndiyo yenyewe," muuzaji aliniambia. Tuliposawazisha, ile ndogo ndiyo iliyotamka maneno vizuri. Nikaichukua, na kabla ya kulipa akaniandikia kwenye risiti kwamba nikiona haifai nyumbani naruhusiwa kuirudisha. Haikurudi. Besi ilinguruma mno nilipoziweka kwenye kona, nikazisogeza mbali na ukuta, ikatulia.

Amplifaya niliagiza. Hapo namba zinatosha, mradi ziwe za kweli. Aliyeandika wati 2,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, nilimpita. Nilitafuta wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, zilizopimwa kwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama spika zangu. Nikahakikisha inatumia volti 220 hadi 240, maana iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee huungua ukiichomeka kwenye umeme wa 240. Katika maoni ya wanunuzi niliyapa uzito ya nyota mbili na tatu, kwa kuwa wengi wao hueleza hasa kilichoharibika. Na nikamuuliza muuzaji kwa maandishi: ikija mbovu, nauli ya kuirudisha ni ya nani? Kifaa ni kizito, nauli yake inaweza kumeza nafuu yote uliyoipata.

Boksi lilifika kona moja imebonyea. Nililifungua huku simu inarekodi, nikaonyesha namba ya mashine na ile ya kwenye boksi. Tundu moja la kuunganishia spika lilikuwa limevunjika. Nilituma video hiyo, wakabadilisha kwa gharama yao.

Waya wa spika nao nilidhani ni wa kuagiza tu. Lakini kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba, na kwenye picha zinafanana kabisa na za shaba tupu. Dukani nilikwangua ncha kwa wembe: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini. Niliyonunua ilibaki nyekundu hadi ndani.