Kipande Nilichokisokota

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini nilipopewa jukumu la kufunga redio ya maikrowevu ya gigahetzi 8 mnarani. Kati ya redio na dishi kuna wevugaidi, yaani bomba la mstatili linalopitisha mawimbi ndani ya uwazi wake, na letu lilikuwa na upana wa milimita 28.5 na kimo cha milimita 12.6. Kwa kuwa upepo hutikisa dishi na joto hutanua vyuma, kipande cha mwisho huwa cha kunyumbulika, chenye mikunjo myembamba kama ya kodiani, kilichovishwa mpira mweusi. Chetu kilikuwa cha aina isiyo na mshono, ambayo hukubali kupindwa lakini haikubali kusokotwa. Nililijua hilo.

Nilipokuta matundu ya flanji mbili, yaani mabamba ya kuunganishia miisho kwa bolti, yamepishana kidogo, sikulegeza kishikio cha redio. Nilikikamata kipande kwa mikono miwili, nikakisokota hadi matundu yakaonana, nikakaza bolti na kushuka.

Mvua zilipoanza, kiwango cha mawimbi yanayopokelewa kilishuka kwa desibeli 6, yaani ilibaki robo tu ya nguvu. Wenzangu waliilaumu mvua, lakini upungufu unaoletwa na mvua iliyoko hewani huisha mvua inapokatika, ilhali huu uliendelea mpaka jua la mchana lilipokuwa kali, ndipo ukapungua polepole. Mahali fulani palikuwa pakilowana na kukauka.

Fundi mkuu alipanda pamoja nami. Alipitisha kidole gumba juu ya mpira, akasimama karibu na flanji ya chini, penye ufa mwembamba kama unywele. Tulipokipasua kipande kile kwa msumeno wa chuma, tulikuta maji yametuama katika mikunjo, kuta zimeota kutu ya kijani, na mkunjo mmoja umechanika pembeni.

“Ulikisokota, mwanangu?”

“Ndiyo, fundi.”

Hakuongeza neno, akanipa spana. Safari hii nililegeza kwanza kishikio, nikaizungusha redio taratibu mpaka flanji zikatazamana sawasawa, nikahakikisha pete ya mpira imekaa vizuri katika mfereji wake, kisha nikakiacha kipande kipya kijipinde kuelekea ukuta wake mpana, upande ambao hupindika kwa wepesi zaidi. Bolti zote ziliingia kwa vidole.