Chama cha wazazi: anza na daftari la mweka hazina

Ukitaka kujua kama chama cha wazazi kiko salama, usianze na mwenyekiti. Omba daftari la mweka hazina. Kila pesa inayoingia iandikiwe stakabadhi siku ileile. Kila inayotoka iwe na risiti na azimio la kikao lililoiruhusu. Michango ikikusanywa, watu 2 wasio ndugu waihesabu pamoja, watie saini, kisha iende benki yote. Kosa la kawaida ni kumlipa fundi kwa pesa ambazo hazijafika benki. Daftari na taarifa ya benki vikikataa kulingana, hata mtu mwaminifu huonekana mwizi. Na hundi tupu, isiyoandikwa kiasi wala mlipwaji, isisainiwe kamwe, eti “kurahisisha mambo”.

Katibu naye aache kunakili hotuba. Muhtasari wa kikao unataka waliohudhuria, akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao), maazimio, mtekelezaji na tarehe. “Tulijadili vyoo” haimsaidii mtu. “Kamati ya ujenzi ilete makadirio 3 ya bei za milango ya vyoo kabla ya kikao kijacho” inasaidia.

Mwenyekiti huandaa ajenda na katibu, huongoza kikao na kufuatilia maazimio. Kumwagiza mwalimu darasani si kazi yake. Makamu (mara nyingi pambo tu) apewe kamati moja aisimamie.

Uongozi ukibadilika, makabidhiano yaandikwe: daftari, mhuri, mali, nywila. Watia saini wa benki wabadilishwe mapema. Hilo ndilo husahaulika, na aliyeondoka hubaki na uwezo wa kutoa pesa.