Nilivyochagua shati la samaki Ngamiani

Kaskazi ikishashika Tanga, shati la mikono mirefu ni adhabu. Kuanzia Desemba joto linapita nyuzi 30, na unyevu wa bahari haukubali jasho likauke. Safari hii nikasema nanunua shati la mikono mifupi, na si la rangi moja. Nataka lenye mapicha makubwa hasa. Urembo umo, sikatai, lakini kuna sababu nyingine: shati la kijivu au la bluu mpauko linamtangazia kila mtu jasho lako la kwapani na mgongoni. Lenye michoro na rangi iliyokolea linakusitiri.

Nilianzia mitumba ya Ngamiani, hapahapa Tanga mjini. Huko hayakosekani yale mashati ya maua ya Hawaii, yanayoitwa Aloha, jina ambalo Ellery Chun, mwenye duka la nguo Honolulu, alilisajili miaka ya 1930. Utayajua kwa kola ya kulala na pindo lililonyooka. Pindo liangalie vizuri: shati lenye mikia ya duara mbele na nyuma limekatwa kwa ajili ya kuchomekea, lililonyooka ni la kuachia nje. Ukiliachia nje lile la mikia unaonekana umetoka kuamka.

Muuzaji akanirushia moja la minazi. "Bosi, hili lilikuwa linakusubiri wewe!" Nikaligeuza ndani nje, nikalinyoosha kwapa juani: kitambaa kimeshalika, mwanga unapita. Jingine lilikuwa zima, ila nilipolifinyanga kiganjani na kuliachia likafunguka bila mkunjo hata mmoja. Hiyo ni poliesta, haishiki jasho, na kwa joto letu utapikika humo. La tatu lilikuwa la reyoni, laini, linaanguka vizuri mwilini. Tatizo la reyoni ni kwamba ikilowa inapungua nguvu, na kwetu nguo zinakamuliwa kama zimekosa adabu. Nikaliacha kwa shingo upande.

Basi, kitenge. Kwenye duka la vitambaa nilikuwa na mambo mawili tu kichwani. La kwanza, nageuza upande wa nyuma: kitenge cha nta kweli hupigwa pande zote mbili, kwa hiyo rangi ya nyuma inakaribia ya mbele. Kile kilichochapwa upande mmoja nyuma kimefifia. La pili, sikiangalii mezani chini ya taa. Nilimwomba kijana wa duka akining'inize mlangoni, mimi nikavuka barabara nikasimama upande wa pili. Hapo ndipo ukweli unapotoka. Maua madogo madogo yaliyonivutia mezani yaligeuka ukungu, sioni kitu. Miduara mikubwa ikaonekana vizuri mno, na nikajua mmoja utatua juu ya tumbo. Kilichobaki ni samaki wa rangi ya chungwa, kila mmoja mkubwa kuliko kiganja changu, juu ya bluu iliyoiva. Kijana akauliza, "Kaka, una uhakika?" Nilikuwa nao.

Fundi wangu ni mzee wa makamo, ana cherehani barazani, na hapendi kuharakishwa. Baada ya shikamoo alikitandaza kitenge, akakaa kimya kidogo.

"Umeleta yadi ngapi, mwanangu?"

"Mbili na nusu, fundi."

"Umefanya vizuri. Mbili zingetosha kitambaa cha kawaida. Hawa wanaogelea upande mmoja wote, siwezi kugeuza kipande. Nikigeuza, mgongoni watakuwa wamekufa."

Akanirudisha nyumbani nacho kwanza nikakifue kwa maji baridi, wanga utoke na pamba irudi kabla ya kukatwa, siyo baada. Niliporudi alikuwa na shughuli moja tu ya kunionyesha, na ndiyo iliyonifanya nikae pale muda mrefu kuliko nilivyopanga: mfuko wa kifuani. Alikata mfuko wa gazeti, akaubandika kwa pini juu ya kipande cha mbele cha kushoto, akachora kwa penseli mahali jicho la samaki linapoingia na mahali pezi linapotokea. Kisha akalihamisha gazeti juu ya mabaki, akilisogeza kidogo kidogo mpaka akapata samaki mwingine mwenye jicho na pezi sehemu zilezile. Akakata. Mfuko ulipowekwa kifuani ulipotea. Ni mshono tu uliobaki unauona, tena ukisogea karibu. Vifungoni napo alipimisha hivyohivyo, kichwa upande huu na mkia upande ule, ili shati likifungwa samaki awe mzima. "Nikimkata shingo," alisema, "watu watakuuliza bei kwa kilo."

Vifungo nilichagua vya kifuu cha nazi. Vyeupe vya plastiki vingeng'aa kama taa katikati ya samaki.

Nalivaa na suruali ya kaki isiyo na mbwembwe, maana shati kama hili halitaki mshindani. Shemeji yangu ameliona Ijumaa, anataka nimpeleke kwa fundi wiki ijayo. Nimemwambia aje na yadi tatu. Ana kitambi, na samaki wake watakuwa wengi.