Nakuru hadi Rusinga, kwa Mwendo wa Wazee

Mama alifundisha jiografia na historia katika shule za Nakuru hadi alipostaafu. Mwaka baada ya mwaka alisimama mbele ya ramani akiwaeleza watoto wa watu habari za Ziwa Victoria: kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu, maji yanayokwenda kuwa Naili. Kisiwa cha Rusinga alikionyesha kwa ncha ya rula, lakini mguu wake haukuwahi kukikanyaga. Baba alilijua ziwa kwa upande mwingine. Alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli walifika Kisumu, wakakabidhi mabehewa, wakalala, asubuhi wakageuza. Kwa hiyo Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini, sisi watoto tulichanga tuwapeleke Magharibi, na tuwapeleke kwa heshima wanayostahili.

Pesa zilipopatikana ndipo mjadala ulipoanza. Kaka yangu aliyeko Nairobi alileta ratiba za kifahari alizokusanya kwa watu mbalimbali, na zote zilifanana: hema lenye beseni la kuogea, chakula cha jioni porini, ndege ndogo, Maasai Mara. Mambo mazuri, lakini Baba na Mama hawakuwamo. Anasa nyingi inayouzwa nchini mwetu hupangwa kwa kumfikiria mgeni anayetua mara moja maishani mwake, na Kisumu, Kakamega na visiwa vya Homa Bay huachwa nje kana kwamba barabara inaishia Narok. Hilo limeniudhi kwa muda mrefu. Dada yetu mdogo ndiye aliyesema tutafute mtu ambaye kazi yake ni kupanga safari ya familia moja, tangu swali la kwanza hadi mzigo wa mwisho kushushwa.

Tulimpata mama mmoja wa Kisumu. Kabla ya kumtumia amana nilithibitisha kwamba ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, yaani TRA, na nikauliza kama mwongozaji wake amefanya mitihani ya KPSGA, chama cha waongozaji watalii wa Kenya chenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mwongozaji alikuwa na ngazi ya fedha. Mama huyo alituambia waziwazi ada yake ya kupanga ni kiasi gani, akaiweka kando na bei za vyumba, na akataja ni hoteli zipi humlipa kamisheni akipeleka wageni. Kwangu mimi hapo ndipo uaminifu ulipoanzia. Mtu anayekushauri ulale mahali fulani akaficha kwamba analipwa kwa kukupeleka huko, ushauri wake una kasoro hata kama mahali penyewe ni pazuri.

Alifunga safari akaja kwetu Nakuru, mtaa wa Section 58. Akawaamkia wazee, akakaa nao sebuleni, na sisi wenye kulipa akatuomba tukae jikoni. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote. Mzee huamka saa ngapi? Nani huamka usiku? Chai ya saa kumi ni lazima au ni mazoea? Alimwomba Baba apande ngazi za baraza, akamtazama anatanguliza mguu gani na anashika wapi. Mama anatumia insulini, kwa hiyo akauliza saa za sindano, saa za kula, na kama anapenda ugali wa wimbi au wa mahindi. Kisha akauliza jambo ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: ni nini kinachowaudhi mkiwa wageni mahali?

“Sipendi kuimbiwa,” Mama alijibu. “Wahudumu wakija na keki na makofi, nitaondoka mezani.”

“Nimeandika, Mwalimu. Hakuna atakayekuimbia. Na wewe Mzee, kuna mahali Kisumu ungependa kupaona tena?”

Baba alikaa kimya kitambo, halafu akasema, “Gatini.”

Miaka yote tuliyoishi naye hakuna aliyejua kwamba Baba ana hamu ya kuona gati.

Rasimu ya kwanza ilipokuja, nilivutiwa zaidi na vilivyokatwa. Hifadhi ya Ziwa Nakuru haikuwamo. Alitueleza kwamba hawezi kuwatoza watu wa Nakuru pesa ili wakaone ziwa lao, na kama ni flamingo wanaowatafuta, maji ya Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya 2010, chumvi ikazimuka, mwani wanaoula ukapungua, na ndege wengi sasa hutafutwa Bogoria. Maasai Mara nayo aliikataa, kaka akabishana naye kwenye simu mpaka akachoka. Hoja yake ilikuwa moja: magoti ya Mzee hayawezi kulipia saa hizo zote garini. Alichokiongeza ni muda. Kila mahali palikuwa na asubuhi nzima isiyo na kazi yoyote. Kaka aliuona muda huo kuwa pengo, lakini mimi niliamini ndio tulikuwa tunaununua, na sijabadili mawazo.

Tuliondoka Nakuru asubuhi katika gari refu lililowekewa kipandio cha ziada mlangoni. Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho hakufiki kilomita 200, lakini tuliigawa njia hiyo kwa kulala. Mau Summit tulipita kwenye ukungu. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo tulifika mapema, tukatembea kidogo kando ya shamba la chai ambako wachumaji walikuwa wakichuma majani mawili na chipukizi, na ilipoanza kumwagika tulikuwa tumekwisha kukaa karibu na moto. Kericho sina mengi ya kueleza. Wazee walilala usingizi mzito.

Kesho yake tuliteremka kuelekea Ahero. Hewa ilibadilika, joto likapanda, kuta za Nandi zikasimama upande wa kulia, na mashamba ya mpunga yakafunguka. Baba aliketi mbele, akawa anamwonyesha dereva upande ambako reli inapita, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos, majina yakimtoka bila kufikiri.

Kibali cha kuingia bandarini Kisumu kilikuwa kimeombwa majuma kadhaa kabla. Mtalii wa kawaida haingii pale, na hili ni jambo ambalo pesa peke yake hailiwezi. Lilihitaji mtu anayejua barua iandikwe kwa nani na ifuatiliwe na nani. Reli ilifika hapa mwaka 1901, mahali pakaitwa Port Florence, na kwa miongo mingi mabehewa yaliingizwa moja kwa moja ndani ya meli. MV Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960, imerudi kazini baada ya kulala bandarini muda mrefu. Baba alisimama mahali ambapo reli ya nchi kavu hukutana na reli ya sitaha, akaanza kufundisha. Behewa halisukumwi ovyo, alisema. Unaingiza upande huu, kisha upande ule, ili meli isiinamie upande mmoja, na tangi lililojaa halichanganywi tu na behewa tupu bila hesabu. Kijana mmoja wa bandari alimsogelea, akamwuliza swali, kisha jingine. Wakazungumza karibu saa nzima. Kiti cha Baba kilikuwa kimeletwa, chai ipo kwenye chupa, na mpangaji wetu alikuwa amekwisha kumwambia mpishi achelewe na chakula.

Jioni Mama alikula ngege wa mchuzi, mafuta kidogo, na mboga ya osuga. Samaki alikuwa amenunuliwa Dunga kwa akina mama wanaouza ufuoni, akachaguliwa akiwa bado anarukaruka. Hakuna aliyeimba.

Usiku ukaja ujumbe. Magugumaji yalikuwa yamesukumwa na upepo yakaziba sehemu ya ghuba ambako boti yetu ilikuwa ianzie. Magugu haya yanaelea na huhama yanavyotaka, leo yako Kisumu, kesho Kendu Bay, na wavuvi ndio wanaojua yaliko. Mpangaji alikuwa akiwapigia wavuvi simu kila jioni. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa umefanywa kabla hatujauliza: tungekwenda kwa gari mpaka Luanda K'Otieno, tuvuke kutoka huko kwenda Mbita upande ulio mwembamba, na tuvuke asubuhi, kwa sababu alasiri upepo wa ziwani huamka na mawimbi humchosha mtu mzima.

Njia hiyo ilitupatia Kit Mikayi. Mawe makubwa yaliyopandana yanaonekana kutoka barabarani, na chini yake, katika mapango, wanawake waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakisali. Mama aliomba tukae tu tuwasikilize. Ratiba iliruhusu.

Kule Luanda K'Otieno ndiko nilikoiona kazi ya mtaalamu kwa macho yangu. Kivuko cha umma kilikuwa kinapakia magari, pikipiki na magunia, na pembeni boti yetu ilikuwa imesogezwa ufuoni. Kulikuwa na kipandio cha mbao chenye mkono wa kushikia, kipya, kilichotengenezwa kwa urefu wa ukingo wa boti ile. Fundi wa ufuoni alikuwa amekipima wiki moja kabla. Baba alitanguliza mguu wa kushoto, kama anavyofanya kwenye baraza letu, akapanda bila kushikwa na mtu. Jaketi za kujiokolea zilikuwa saizi yao. Insulini ilikuwa kwenye kisanduku chenye barafu, maana mpangaji aliuliza na kuambiwa kwamba nyumba ya wageni tunayokwenda huzima jenereta usiku. Vilevile alikuwa amewalipia wazee uanachama wa ndege za wagonjwa za AMREF, na hakutueleza mpaka tulipomwuliza.

Rusinga tulifikia nyumba ndogo inayotazama maji, yenye vyumba vichache na hakuna ngazi. Vitanda vilikuwa vizuri, mashuka safi, mpishi mwenye subira. Nisingependa kuyarefusha hayo, kwa sababu vitanda vizuri vipo kila mahali penye pesa. Kilichotuleta ni siku ya pili.

“Mwalimu hawezi kuelezwa historia kama mtalii,” mpangaji alikuwa ameniambia. “Nimemtafutia mwenzake.”

Mwenzake alikuwa mwalimu mstaafu wa kisiwani, mzee mrefu mwenye mkongojo. Alitungoja kwenye kaburi la Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa kwa risasi, lile jengo lililojengwa kwa umbo la risasi. Yeye na Mama walisalimiana wakaulizana mwaka wa kuanza kazi, na kuanzia hapo sisi wengine tulikuwa wasikilizaji. Walizungumza juu ya ndege ya kwanza ya mpango wa masomo wa Mboya, mwaka 1959, iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Mama alimweleza kwamba mmoja wa waliomfundisha sekondari alikuwa amesoma kwa mpango ule, na kwamba bila mtu huyo asingeipenda historia. Kisha wakafika tarehe 5 Julai 1969, siku Mboya alipouawa. Mama alikuwa darasa la saba. Redio ilikuwa kwa jirani, watu wakajaa uani, na mama yake akamwambia aingie ndani. Mzee alieleza siku hizo zilivyokuwa hapa kisiwani, kwa Kiswahili cha polepole, akinyamaza alipohitaji kunyamaza. Mwongozaji wetu mwenye beji ya fedha alikaa kando hakusema neno, na namsifu kwa hilo. Kujua wakati wa kumwachia mtu mwingine nafasi ni sehemu ya kazi.

Alasiri walihamia kwenye mawe. Mary Leakey aliokota fuvu maarufu la kiumbe wa jamii ya nyani hapa Rusinga mwaka 1948, la miaka kama milioni 18. Mama amelifundisha kwa jina la Proconsul maisha yake yote. Mwalimu wa kisiwani akamwambia kwa heshima kwamba tangu 2015 wanasayansi wanamwita Ekembo. Mama alitoa kijitabu mkobani, akaandika, akamwuliza sababu za kumtenganisha na wale wengine. Jibu lilichukua muda, na walikuwa nao.

Siku iliyofuata tulivuka kwenda Mfangano. Michoro ya miambani ya kisiwa hiki, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe, iko Kwitone na Mawanga. Kwitone ni mlimani juu. Tulikwenda Mawanga, pangoni, ambako Baba angeweza kufika na ambako wenyeji wanakumbuka Abasuba walikuwa wakiomba mvua. Wazazi wangu walisimama mbele ya mwamba ule wameshikana mikono. Sijawahi kuwaona wakifanya hivyo mbele za watu.

Tulirudi kwa daraja la Mbita, Homa Bay, na milima ya Kisii kwa mbali. Hesabu ya mwisho ilikuja na risiti zake, na kiasi kidogo kilichobaki kwenye fungu la dharura kilirudishwa kwa M-Pesa. Bei haikuwa ya kila mtu, na ndugu zangu na mimi tuliihisi. Lakini kila shilingi niliweza kuonyesha ilikokwenda: kwenye kipandio, kwenye barua ya bandari, kwenye posho ya mwalimu mstaafu, kwenye asubuhi zisizo na kazi.

Mpangaji alimpigia Mama simu kumwuliza alivyoiona safari. Mama alikuwa tayari na neno lake. Anataka Thimlich Ohinga, kule upande wa Migori, zile kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Na anataka mwalimu wa Rusinga awe kwenye gari, alipwe kama mtaalamu.

“Ardhi yake ina mawe, Mwalimu. Mzee tutampeleka hadi lango lipi?”

“Uliza waliopo, kisha unipigie,” Mama alisema. “Iwe Januari, kabla ya mvua.”